Tulipime Gari kwa Hali Yake, Si kwa Mwaka Wake

Kwenye foleni ya Mtaa wa Msimbazi, katikati ya mabasi ya mwendokasi, bajaji na mikokoteni ya Kariakoo, bado hupita mara mojamoja gari la spoti ambalo kiwanda chake kiliacha kulitengeneza zamani. Linaweza kuwa Toyota Celica ya toleo la saba, ile yenye taa za mbele zilizochongoka, iliyotengenezwa kati ya mwaka 1999 na 2006. Linaweza kuwa Celica ya kabla yake yenye taa nne za duara, au Nissan Fairlady Z ya toleo la zamani, au Mazda RX-8. Wapo wanaoliangalia na kuona kijana anayechezea hela. Wapo wanaoona moshi. Na siku hizi wameongezeka wanaosema kwamba muda wake umekwisha: treni ya umeme inakwenda Dodoma tangu 2024, bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji limejengwa kuzalisha megawati 2,115, bajaji za umeme zimeanza kuonekana mjini na magari ya umeme yako njiani, basi vyuma hivi vikuukuu viondoke barabarani. Sehemu kubwa ya hoja hiyo naikubali. Umeme unakuja, na uje. Ninachokataa ni hitimisho lake, kwa sababu limesimama juu ya kipimo kibovu, yaani mwaka wa kutengenezwa. Gari lihukumiwe kwa hali yake. Tukiendelea kulihukumu kwa umri tutaondoa mazima na kubakiza mabovu, na tutaingia kwenye enzi ya umeme na kosa lilelile.

Tuanze bandarini, maana ndipo msimamo wetu kuhusu umri unapoonekana waziwazi. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Uganda ilipiga marufuku mwaka 2018 kuingiza magari ya zaidi ya miaka 15. Tanzania haikufunga mlango, iliamua kutoza. Gari dogo la abiria lenye miaka 10 na zaidi hulipa ushuru wa forodha wa asilimia 25, ushuru wa bidhaa kulingana na ukubwa wa injini, ambao kwa injini ya Celica ya cc 1,800 hivi ni asilimia 5, kisha ushuru wa uchakavu wa asilimia 30, na juu ya jumla hiyo VAT ya asilimia 18. Piga hesabu: gari lililothaminiwa shilingi milioni 10 likiwa limefika bandarini linagusa milioni 20 kabla hujaweka tozo ndogondogo na usajili. Ushuru wa uchakavu pekee, pamoja na VAT inayopanda juu yake, ni zaidi ya milioni 4. Fedha hizo zinalipwa kwa kosa gani? Kwa kuzaliwa zamani tu. Celica ya 2004 iliyolelewa bandani na mzee mmoja kule Japani, ikaendeshwa kilomita chache na kukaguliwa kila baada ya miaka miwili kama sheria ya huko inavyotaka, inalipa. Sedani ya miaka 7 iliyowahi kugongwa, ikanyooshwa na kupigwa rangi, haidaiwi ushuru huo hata senti. Na tukumbuke kinacholileta gari hilo kwetu: Japani huongeza kodi ya mwaka ya gari la petroli likifikisha miaka 13, hivyo mwenye nalo huona afadhali liuzwe nje. Linafukuzwa kule kwa umri, linatozwa hapa kwa umri.

Kinachonisumbua zaidi ni kinachotokea baada ya hapo. Ukaguzi wa Shirika la Viwango (TBS) kwa magari yanayoingia nchini upo, lakini ni wa mara moja. Gari binafsi likishafungwa namba, linaweza kuzunguka Ilala na Kinondoni miaka 15 bila kupita mbele ya mashine yoyote ya kupima breki au moshi. Stika ya Wiki ya Nenda kwa Usalama ipo, na askari akiangalia taa na matairi anafanya jambo jema, ila macho ya askari hayawezi kujua kilichomo kwenye hewa ya ekzosi. Mwaka 2017 ada ya leseni ya barabara ya kila mwaka ilifutwa na kuhamishiwa kwenye mafuta kwa kuongeza shilingi 40 kwa lita. Uamuzi huo ulikuwa wa haki, nami nitaurudia, lakini uliondoa pia siku pekee ya mwaka ambayo mwenye gari binafsi alikumbushwa kwamba ana jambo la kujibu mbele ya Serikali kuhusu gari lake. Kwa hiyo tunatoza uzee wa gari lisilotufikia bado, kisha tunaufumbia macho ubovu wa gari linalozeekea mikononi mwetu.

Sasa tazama kinachoamua maisha ya gari jijini. Celica ya kawaida ya toleo la saba ina injini ya 1ZZ-FE, cc 1,794. Injini hiyohiyo imo kwenye Toyota Wish, kwenye Allion na Premio za 1.8, kwenye Opa na kwenye Corolla kadhaa, magari yanayopeleka watoto shule na kubeba mizigo ya Kariakoo kila siku ya Mungu. Celica yenye nguvu zaidi, SS-II, ina 2ZZ-GE ya cc 1,795 yenye nguvu farasi 190, na hiyo nayo ilifungwa kwenye Runx na Fielder za daraja la juu. Hata Lotus ya Uingereza iliichukua ikaiweka kwenye Elise. Kwa nje ni gari la mbwembwe. Ukifungua boneti unakuta mashine ambayo mafundi wa Dar es Salaam wameifungua na kuifunga mara zisizohesabika. Ndiyo maana spea zake zinapatikana. Anayetafuta pampu ya maji au koili ya plagi hafiki dukani Gerezani na kutamka Celica, maana hapo ama bei itapanda ama ataambiwa hakuna. Fundi mzoefu humtuma na kifaa kibovu mkononi, kimefungwa kwenye nailoni, na kumwambia aulize cha Wish. Muuzaji hukigeuza, husoma namba iliyochongwa ubavuni, humwita kijana. Kijana hupanda stoo na kushuka na maboksi mawili matatu, la orijino ya Japani, la kutoka Dubai, la Kichina. Kifaa ni kilekile kwa sura, bei ziko mbalimbali, na uamuzi wa mwenye gari pale kaunta ndio utakaoonyesha kama mwakani gari lake litakuwa zima au limeegeshwa juu ya matofali. Huo ndio umri wa kweli wa gari, na hauandikwi kwenye kadi ya usajili.

Chukua ugonjwa mmoja unaojulikana gereji zote. 1ZZ-FE za mwanzo zilitoka na pistoni zenye matundu madogo ya kurudishia oili. Matundu yakiziba kwa masizi, ringi ya oili inakwama, na oili inaanza kuungua pamoja na petroli. Miaka michache baadaye Toyota iliibadili pistoni hiyo. Gari lenye tatizo hilo hutoa moshi wa bluu, na kijiti cha oili kikichomolewa hutoka kikavu wiki mbili tu baada ya kuongezwa. Mwenye gari ana njia tatu. Anaweza kuendelea kumimina oili ya bei poa kila Jumamosi na kuchafulia watu hewa. Anaweza kuifungua injini, akaweka pistoni na ringi za muundo mpya, akasafisha silinda hedi na kubadili sili za valvu. Au anaweza kununua injini ya mtumba ya toleo la baadaye na kuifunga nzima. Celica mbili za mwaka mmoja, rangi moja, zilizoshuka kwenye meli moja, zinaweza kupita Mtaa wa Lumumba zikifuatana, moja safi na nyingine inafuka. Sheria inayotazama mwaka haiwezi kuzitofautisha. Mashine ya kupima gesi ya ekzosi inaweza, tena kwa dakika chache.

Sisemi kwamba umri hauna kazi yake. Upo, na Dar es Salaam ina namna yake ya kuutumia. Jua hupausha plastiki za taa mpaka zikawa za njano na mwanga ukapotea usiku. Hewa ya chumvi kutoka baharini huingia chini ya milango na kwenye mashimo ya chasisi, na kutu ikishika pale hakuna rangi inayoificha kwa muda mrefu. Bushi hukauka, raba za milango hukatika, maji ya mvua hupita na kulala chini ya zulia ambako kuna nyaya. Na hapa ndipo gari la spoti linapokosa ndugu: injini yake ni ya Wish, lakini mlango wake, kioo chake, bampa na taa zake ni vya kwake peke yake. Likigongwa ubavuni, mwenye nalo anasubiri Celica nyingine ife Yokohama au Shaurimoyo ili apate mlango. Kukaa kwake chini nako ni tatizo la kila masika. Bonde la Jangwani likifurika, Hiace inaweza kupita kwenye maji ambayo Celica ikithubutu itayavuta kwenye injini, na maji hayabanwi kama hewa, hivyo kinachopinda ni konrodi. Mwenye gari la aina hii anayelazimisha kupita Jangwani siku ya mvua hana wa kumlaumu.

Ushahidi mzuri kuliko wote kwamba mwaka hausemi kitu uko kwenye RX-8. Iliendelea kutengenezwa mpaka 2012, kwa hiyo kwa kanuni ya umri ni bora kuliko Celica ya 2000. Injini yake haina pistoni za kupanda na kushuka. Ina rota mbili zinazozunguka, na ncha za rota zimefungwa sili nyembamba ambazo zikilika injini inapoteza mgandamizo na kukataa kuwaka ikiwa ya moto. Ilibuniwa ichome oili kidogo kwa makusudi ili kuzilainisha sili hizo. Hakuna gari lingine mtaani lenye injini hiyo, hakuna Wish ya kuazima kwake, na fundi anayeijua ni wa kutafutwa kwa tochi. Kijana anayeuliza ushauri, mimi nitamwambia aiache RX-8 ya 2010 achukue Celica ya 2001 yenye kumbukumbu za matengenezo. Ushuru wa uchakavu bandarini hauwezi kumwonyesha tofauti hiyo, kwa kuwa kipimo chake pekee ni tarakimu nne za mwaka.

Kuna historia ya karibu inayotakiwa kutufundisha hili. Safari Rally, iliyoanza 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, ilitwaliwa na Datsun 240Z, gari la milango miwili, mwaka 1971 na tena 1973, ya pili ikiendeshwa na Shekhar Mehta aliyezaliwa Uganda. Baadaye Celica iliitawala: 1984, 1985, 1986, 1990, kisha minne mfululizo kuanzia 1992 hadi 1995, na ile ya 1994 iliendeshwa na Mkenya Ian Duncan. Waliokuwa wakifuatilia mashindano yale wanajua kwamba ushindi haukutegemea kasi peke yake. Ulitegemea mafundi waliosubiri vichakani na spea, wakabadili shokapu na gia boksi kwa muda ambao gereji nyingi hazijamaliza hata kulegeza nati za tairi. Gari lililokuwa jipya asubuhi lilikuwa limezeeka jioni, na kesho yake lilikuwa zima tena. Afrika Mashariki ilijua tangu zamani kwamba uzima wa gari hutengenezwa.

Pingamizi zito kuliko yote ni la hewa, na anayelitoa ana haki. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa kilo 2.3 hivi za kaboni dioksaidi, na hakuna ufundi wa Gerezani unaoweza kubadili hesabu hiyo. Gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita na kutembea kilomita 15,000 kwa mwaka linatoa karibu tani 3 na nusu. Gari la umeme, hasa kwenye nchi inayopata umeme mwingi kutoka maji ya Rufiji, linalishinda kwa mbali, hata ukihesabu tani kadhaa zilizotumika kutengeneza betri yake. Kwa hiyo Celica ya kwenda nayo kazini Posta kila siku kutoka Mbezi sina hoja ya kuitetea, ya 2000 wala ya 2006, na mwenye nayo angepanda mwendokasi. Lakini gari la spoti linalozeeka, kwa kawaida, haliendeshwi hivyo. Likitoka mwisho wa wiki tu na kufikisha kilomita 3,000 kwa mwaka, linatumia lita 300 na kutoa chini ya kilo 700. Kulivunja na kuagiza gari jipya la umeme la kutembea kilomita hizo chache hakuokoi hewa kwa miaka mingi, na kunamaliza fedha za kigeni mapema. Na hapa ndipo uamuzi wa 2017 unapoonekana ulikuwa wa haki: ukikusanya tozo ya barabara kwenye lita, gari lililolala bandani halilipi, na linalozunguka kutwa linalipa kutwa. Ni kipimo cha matumizi, si cha umri. Kwa haki hiyohiyo, siku magari ya umeme yatakapokuwa mengi, itabidi nayo yachangie barabara kwa namna nyingine, maana hayanywi petroli.

Kaboni ni upande mmoja. Upande wa pili ni sumu inayoingia kwenye mapafu ya muuza matunda aliyeketi pembeni mwa Mtaa wa Uhuru, na hapo ubovu ndio unaoua. Tangu 2015 nchi za Afrika Mashariki zilihamia kwenye mafuta yenye salfa kidogo, na faida kubwa ya mafuta hayo ni kwamba yanakiacha kichujio cha ekzosi kifanye kazi yake. Lakini kichujio hicho, ambacho mafundi wanakiita masega, kina platini, paladi na rodi ndani yake, na kinanunuliwa kwa fedha nzuri. Gari linaingia gereji kwa ajili ya ekzosi iliyotoboka, linatoka na bomba tupu. Masega yameuzwa, mara nyingine mwenyewe akikubali kwa kuambiwa kwamba gari litakuwa jepesi. Celica ya 2001 yenye masega yake na injini isiyokula oili ni safi kuliko gari la miaka 6 lililotobolewa masega. Ukitaka kumlinda muuza matunda, lazima uchungulie kwenye ekzosi, na hakuna sheria ya umri inayochungulia huko.

Wengine watasema hili ni jambo la wenye nacho, kwamba nchi yenye shida ya maji na madawati haina haja ya kujadili magari ya milango miwili. Naelewa uchungu wa kauli hiyo, ila inasahau nani anaishi kwa gari kuukuu. Gari jipya lenye dhamana hurudi kwa wakala wake. Gari la miaka 20 linamlisha fundi makanika, fundi umeme, fundi bodi, mpaka rangi, mchomeleaji wa ekzosi, muuza spea na kijana wa stoo. Gari la spoti linawadai mafundi hao kazi ya kiwango cha juu, kwa sababu gari lililojengwa kwa ajili ya mwendo halisamehi boljoint iliyolegea wala breki pedi feki. Fundi aliyejifunza kuipima 2ZZ, ambayo boliti za kunyanyulia valvu zikilika injini inagoma kubadilika juu ya mizunguko 6,000, ataona Premio ni kazi ya alasiri moja. Sitaki kulifanya hili kubwa kuliko lilivyo, lakini ujuzi wa namna hiyo haujengwi na magari ambayo hayaharibiki.

Usalama nao hutajwa, na hapa nakubali kipimo cha umri mahali pamoja: tairi. Ubavuni mwa kila tairi kuna tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka wa kutengenezwa, na raba hukakamaa kadiri miaka inavyopita hata kama kashata zake ni nzima. Tairi za mtumba zinazopangwa barabarani zikiwa zimepakwa dawa ya kung'arisha zinaweza kuwa na miaka zaidi ya 10. Kuzifunga kwenye gari la spoti ni kutafuta msiba. Tairi, basi, itazamwe mwaka. Breki, usukani, taa na shokapu vipimwe.

Tufike kwenye umeme wenyewe, kwa maana huko ndiko kosa letu litakakogharimu zaidi. Gari la umeme la mtumba linalofahamika zaidi duniani ni Nissan Leaf, lililoanza kuuzwa 2010. Betri ya Leaf hizo za mtumba haina mfumo wa kupozwa kwa maji kama ya washindani wake wengi; inategemea hewa, na joto huichosha. Kwenye dashibodi kuna vijistari 12 vinavyoonyesha uwezo uliobaki, na kadiri betri inavyochoka vinapungua kimojakimoja. Leaf ya miaka 5 iliyoishi kwenye joto na kuchajiwa kwa pupa inaweza kuwa imechoka kuliko ya miaka 8 iliyotoka Hokkaido kwenye baridi. Kanuni ya umri itaikaribisha ya kwanza na kuiadhibu ya pili, na mnunuzi wa Dar es Salaam atapata gari linaloshindwa kurudi kutoka Bagamoyo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na kitanda hiki kunguni wake wako ndani ya sanduku lililofungwa lenye volti karibu 400. Petroli humsamehe mnunuzi asiyejua, kwa kuwa injini iliyokufa inabadilishwa kwa ya mtumba kutoka kwa Wish iliyogongwa. Betri iliyokufa ndiyo sehemu kubwa ya thamani ya gari. Kwa hiyo nchi inayotaka umeme kwa dhati inapaswa kuwa ya kwanza kudai cheti cha hali ya betri, na kuwa ya kwanza kuacha kuuliza mwaka.

Ethiopia ilichukua njia ya mkato Januari 2024 ikazuia kabisa kuingiza magari ya petroli. Ni uamuzi wa kishujaa kwa nchi inayobanwa na fedha za kigeni na yenye umeme mwingi wa maji, lakini haukujibu swali la nani atayatengeneza yale ya umeme. Sisi tuna nafasi ya kulijibu mapema. Taasisi ya teknolojia ya DIT iko pale Barabara ya Morogoro na Bibi Titi, hatua chache kutoka Kariakoo, na ndiyo iliyojijengea jina kwa kufunga mifumo ya gesi asilia kwenye magari. Chuo cha ufundi cha VETA Chang'ombe hakiko mbali. Fundi umeme wa Gerezani aliyezoea volti 12 akifundishwa namna ya kukata mkondo mkubwa kabla hajagusa waya wa rangi ya chungwa, akafundishwa kupima seli moja moja na kubadili zilizochoka badala ya kutupa betri nzima, soko lile litaubeba umeme kama lilivyozibeba Datsun na Corolla. Na wanaoleta magari hayo wabanwe waachie programu za kusoma hitilafu, gari lisifungwe kwa nywila ambayo iko Shenzhen au Munich peke yake.

Kwa magari yote, ya petroli na ya umeme, ninachopendekeza ni ukaguzi wa lazima wa magari binafsi kila baada ya miaka miwili, kwa mashine: breki kwenye rola, gesi ya ekzosi, taa, usukani, tairi, na kwa umeme uwezo wa betri. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo kina kituo cha ukaguzi wa magari, kwa hiyo hatuanzi sifuri. Ushuru wa uchakavu bandarini upunguzwe kadiri ukaguzi unavyoenea, ili Hazina isipoteze mapato kwa mkupuo mmoja. Ujerumani hulipatia gari lililotimiza miaka 30 namba maalum ya urithi, lakini kwa sharti kwamba limekaguliwa na kukutwa katika hali nzuri ya asili. Hata nchi inayoheshimu uzee wa gari inauthibitisha kwa kupima.

Litakuja pingamizi la rushwa, nami siliondoi kwa maneno mepesi. Mwaka wa kutengenezwa una sifa moja nzuri: ni vigumu kuuhonga. Ukaguzi unaweza kugeuka dirisha la kupokelea bahasha. Dawa yake ni kumwondolea mkaguzi uamuzi: mashine iandike namba, namba ziende moja kwa moja kwenye mfumo pamoja na picha ya gari likiwa juu ya rola, na sehemu ya magari yaliyofaulu irudishwe kupimwa kituo kingine bila taarifa. Kituo ambacho magari yake yanaanguka yakipimwa upya kifungwe. Na matokeo yawe wazi kwa yeyote mwenye namba ya gari, ili anayenunua Celica kwa dalali wa Ilala aone kwenye simu, kabla hajatoa shilingi, kwamba mwaka juzi ilianguka kwenye moshi na haijarudi kupimwa tangu siku hiyo. Iliyoanguka iegeshwe mpaka itengenezwe, na magari ya spoti ninayoyatetea hapa yaanze kupimwa mwezi wa kwanza wa utaratibu huo.